Mkono umelegea, nanyi mnalisubiri duara la Willis?

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kwa mwanafunzi wa udaktari aliyemleta mama yake. "Dokta, tulisubiri kupambazuke. Si kuna duara la Willis? Ateri moja, yaani mshipa unaopeleka damu, ikiziba, damu inapitia nyingine." Mama alilegea mkono wa kulia na kupoteza maneno, dalili za kiharusi, tangu saa 2 usiku. Walifika kwangu saa 3 asubuhi.

Duara lipo, sibishi: ni pete ya ateri chini ya ubongo. Ateri mbili za karotidi zinapanda mbele ya shingo, ateri mbili za vetebra zinapita kwenye matundu ya pingili za shingo kisha zinaungana kuwa ateri moja, besila, na chini ya ubongo zote zinakutanishwa na ateri unganishi. Thomas Willis alilieleza mwaka 1664, na Christopher Wren alichora baadhi ya michoro. Willis alieleza pia maiti ya mtu ambaye karotidi yake moja ilikuwa karibu imeziba yote, na hakufa kwa kiharusi. Hapo ndipo watu wanapopotea: karotidi ile ilijifunga polepole, nyingine zikapata muda wa kunenepa. Bonge la damu linalotoka moyoni halitoi muda huo.

Halafu ule mchoro wa kitabuni, pande zote sawasawa! Toa ubongo kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, uinue ateri unganishi ya nyuma kwa koleo. Upande huu ni nene kama njiti ya kiberiti, upande wa pili ni uzi wa kushonea, na mara nyingine hata huo uzi huuoni. Katika tafiti nyingi, wenye duara kamili hawafiki nusu.

Haya, tuseme lako ni kamili. Ateri ya kati ya ubongo, ambayo ndiyo huziba mara nyingi, si sehemu ya duara. Inatokea hapo na kwenda zake. Duara ni kipilefti. Lori limepinduka kwenye barabara inayotoka kipilefti na kuifunga. Zunguka kipilefti mara 10, hufiki uendako. Na vile vijiateri vinavyochipuka humo kupanda kwenye viini vya ndani ya ubongo havina jirani wa kuvisaidia.

Ipo akiba nyingine, viunganishi vidogo vya ateri juu ya uso wa ubongo. Vitabu vinaiandika kama mali ya kila mtu. Mimi nimeona wagonjwa wawili walioziba mahali pale pale: mmoja ubongo wake ulistahimili saa nyingi, mwingine ulikuwa umekufa kabla ya picha ya CT skani. Mgonjwa akiingia mlangoni, siwezi kukwambia yeye ni yupi. Ndiyo maana sisubiri, na dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Nilimwita kijana tukaangalia picha pamoja. Duara la mama yake lilikuwa kamili, ateri zote unganishi zinaonekana. Upande wa kushoto, eneo lote la ateri ya kati lilikuwa limeshakuwa jeusi, yaani limekufa.