Kuponi, pointi na ofa za supamaketi: je, zinalipa jasho lake?

Katika mafunzo ya bajeti tunayowapa wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo hapa Malindi, Kenya, swali hili halikosi: ofa za supamaketi, kuponi za kwenye simu na kadi za pointi zinaokoa pesa kweli, au ni kuzungushana tu? Zinaokoa. Lakini ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi anayefaidika ni yule ambaye angekinunua kitu kile kile, siku ile ile, hata kama ofa haikuwepo.

Inafaa kujua muuzaji anatafuta nini. Mwaka 1887 huko Marekani, Coca-Cola ilianza kugawa tikiti za kumpa mtu glasi moja ya bure, iliyokuwa ikiuzwa senti 5, ili aonje kisha arudi na pesa zake. Nia hiyo ipo hadi leo, na kuna ya pili: kumpunguzia bei mteja anayehesabu kila shilingi bila kumpunguzia yule asiyejali. Ndiyo maana kuponi haikosi kero. Pakua programu, jisajili, kumbuka tarehe ya mwisho. Asiyejali bei hatajisumbua na hayo, naye atalipa bei kamili.

Kwetu kuponi za kukata magazetini hazikushika sana. Zilizoshika ni pointi na ofa za "nunua mbili, ya tatu bure". Tuseme duka linakupa pointi ya shilingi moja kwa kila shilingi 100 unazotumia. Nyumba inayotumia 12,000 kwa mwezi itapata 120. Si haba, na kadi ikiwa ni ya bure, chukua. Usiache tu duka lenye bei nafuu kwa kukimbilia pointi, wala usizirundike miaka na miaka ukadhani umeweka akiba. Supamaketi ya Nakumatt nayo ilikuwa na kadi yake ya pointi, na wengi waliibeba. Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ifungwe.

Sasa nauli. Mtu wa Muyeye akisikia mafuta ya kupikia yameshuka shilingi 80 mjini, naye tuktuk inamtoza 50 kwenda na 50 kurudi, ameshapoteza 20 kabla hajafika kwenye rafu. Na akifika, hatoki na mafuta peke yake. Ofa huwekwa mahali ambapo lazima upite biskuti, juisi na vyombo vya plastiki.

Tunapofundisha, tunawaomba watu watoe simu zao wafungue kikokotoo. Pakiti ya sabuni ya unga ya kilo moja, shilingi 260. Kando yake ipo nyingine yenye karatasi nyekundu ya OFA, shilingi 220. Mikono yote huenda kwenye ya 220. Kisha tunawaambia wasome uzito: gramu 800. Gawa 220 kwa 800, zidisha kwa 1,000, unapata 275 kwa kilo. Hiyo ofa ni ghali kwa shilingi 15. Bei hizo ni za mfano, lakini ujanja wa kupunguza uzito si wa mfano.

Yogati na maziwa yaliyoshushwa bei, tazama tarehe kwanza. Kwa joto letu, nyumba isiyo na friji haina haja na ya tatu ya bure.

Mimi naona pesa kubwa zaidi huvuja mahali ambapo hapana kuponi. Ukitoa shilingi 500 kwa wakala wa M-Pesa unakatwa 29, karibu asilimia 6. Ukilipa duka moja kwa moja kwa namba ya till, mteja hakatwi kitu. Tena kuna sukari ya robo robo na mafuta ya kupima. Simlaumu mtu, maana mwenye 100 mfukoni hawezi kununua ya 1,000, hasa kusi likivuma, hoteli zikipunguza watu na mashua zikikaa pwani. Lakini majirani wanne wa Barani au Maweni wakichanga, wanaweza kununua beli la unga, pakiti 12 za kilo mbili kila moja, kwa bei ya jumla na kugawana tatu tatu. Msimu wa wageni, mkono ukiwa na kitu, ndio wakati wa kufanya hivyo, si Aprili.

Kabla ya kujisajili kwenye programu ya ofa, soma wanachoomba. Namba ya simu inaeleweka. Kitambulisho na orodha ya marafiki zako ni za nini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara.

Bei ya rafuni ikiwa ya ofa na ya kwenye mashine ya malipo ikawa nyingine, sema hapo hapo kabla hujalipa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mteja kwamba kuna nafuu ya bei na kumbe haipo. Duka likikaidi, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ukiambatanisha risiti na picha ya bei iliyobandikwa kwenye rafu.