Nguvu ya roketi ya maji imo kwenye hewa: mwongozo kwa walimu na wazazi

Chupa ya soda ya plastiki ya lita 2 huonekana takataka punde tu soda inapoisha, ilhali bado ina uwezo wote iliotengenezewa. Gesi iliyo ndani ya soda husukuma kuta za chupa usiku na mchana, na jua likiwa kali husukuma zaidi. Ndiyo maana kiwanda huitengeneza iwe ya mviringo, yenye kitako cha vinundu na plastiki inayohimili shinikizo kubwa. Chupa ya maji ya kunywa yasiyo na gesi haikuundwa hivyo. Kuta zake ni nyembamba na hubonyea hata ikiwa imefunikwa. Anayetaka kuunda roketi ya maji, yaani chupa yenye maji kiasi inayosimamishwa shingo ikiwa chini na kujazwa upepo kwa pampu hadi iruke, aanze kwa kuzitofautisha chupa hizi mbili, kwa sababu kosa la hapa halirekebishwi na gundi wala selotepu.

Katika chuo cha ualimu ninakofunza fizikia, walimu wa gredi ya 7 hadi ya 9 kutoka Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega hutuletea maswali mengi kuhusu roketi hii. Inawavutia kwa kuwa karibu kila kifaa hupatikana soko la Kibuye au kwa fundi wa pikipiki aliye karibu na shule, na kwa kuwa mwanafunzi anayesinzia kwenye somo la kani huamka akiiona. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Lakini kabla hatujagusa mkasi huwauliza: nguvu inayoirusha roketi inatoka wapi? Wengi hujibu kwamba inatoka kwenye maji. Sivyo. Inatoka kwenye hewa, na asiyelielewa hilo atajaza maji kupita kiasi, ataijaribu chupa yake kwa njia ya hatari, na atasimama mahali asipopaswa kusimama.

Hewa hubanika. Unapojaza upepo kwa pampu unashindilia hewa nyingi mahali padogo, na kazi ya mikono yako inahifadhiwa humo kama nishati. Chukua chupa ya lita 2 yenye mililita 600 za maji, uijaze upepo hadi presha ya psi 60, yaani takriban bar 4 (psi na bar ni vipimo vya presha). Hewa hiyo ikitanuka mpaka kuyatoa maji yote itafanya kazi ya karibu jouli 200, zinazotosha kuinua mzigo wa kilo 1 hadi mita 20 juu. Maji hayabaniki hivyo. Yakiijaza chupa hiyo hiyo hadi pomoni na kutiwa presha ile ile, nishati inayohifadhiwa ni jouli chache tu, na nyingi kati ya hizo zimo kwenye plastiki iliyonyumbuka.

Basi maji yana kazi gani? Yana uzito. Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kila kani huja na kani nyingine iliyo sawa nayo, inayoelekea upande wa pili. Maji yanaposukumwa chini, chupa inasukumwa juu. Hewa ikitoka peke yake ni nyepesi mno, na chupa itaruka kidogo tu kisha ianguke. Lakini maji kwa bar 4 huchomoka shingoni kwa mwendo wa takriban mita 28 kwa sekunde, yaani kilomita 100 kwa saa, kasi ambayo matatu hairuhusiwi kuifikia kisheria. Kani inayoisukuma chupa wakati huo hukaribia nyutoni 300, na roketi nzima pamoja na maji yake ina uzito wa nyutoni 7 hivi. Yote hayo huisha kabla sehemu moja ya kumi ya sekunde haijapita. Baada ya hapo hakuna kinachoisukuma tena. Inapaa kwa mwendo iliokwisha kuupata.

Kuna wazo moja ambalo walimu wanapaswa kuling'oa mapema, kwamba maji hupiga ardhi na ardhi ndiyo inayoirudisha roketi juu. Roketi haihitaji ardhi ya kujikanyagia. Ile iliyoipeleka setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na ile iliyoipeleka Taifa-1 ya Kenya kutoka California tarehe 15 Aprili 2023, zote ziliendelea kuongeza mwendo mahali ambapo hapakuwa na ardhi wala hewa ya kuegemea. Wanafunzi wa Maseno, ambako ikweta inapita, huenda wakauliza kama kurushia roketi kwao kunaisaidia. Kwa roketi inayokwenda kuizunguka dunia, ndiyo: kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari na mwendo huo. Kwa chupa yetu haileti tofauti, maana uwanja, hewa na watazamaji wote wanazunguka pamoja nayo.

Ukishajua kwamba hewa ndiyo ghala la nishati, kiasi cha maji kinajieleza. Ukijaza sana, nafasi ya hewa inapungua na mzigo unaongezeka. Ukitia kidogo mno, hewa inatoka ikiwa na nguvu nyingi ambazo hazijatumika. Karibu theluthi ya chupa, au pungufu kidogo, ndiyo hufanya vizuri.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usiijaribu chupa kwa hewa. Ijaribu kwa maji. Toboa kifuniko cha soda, ukipitishie valvu ya gurudumu lisilotumia tyubu, kisha ujaze chupa maji hadi mdomoni na kuigonga-gonga ili mapovu yote yatoke. Funga kifuniko, ilaze chupa ndani ya karai, na uitie presha ya psi 90, ambayo ni mara moja na nusu ya ile utakayorushia. Iache dakika chache huku kila mtu akiwa mbali. Ikiwa chupa ni dhaifu itapasuka hapo, na kwa kuwa maji hayakuhifadhi nishati ya maana, hasara ni karai lililomwagika. Chupa iliyojaa hewa ikipasuka kwa presha hiyo hiyo hurusha vipande vya plastiki vinavyoweza kumpofusha mtu. Iliyofaulu jaribio iwekee alama ya kalamu ya wino mzito, na hiyo ndiyo utakayotumia. Ikianza kuonyesha mistari meupe, mikunjo au bonde lisilorudi, itoe kazini siku hiyo hiyo. Gundi ya moto huilainisha plastiki hii na kuidhoofisha. Kamwe isiguse sehemu inayobeba presha. Msasa pia usipite hapo. Chupa ya glasi haina nafasi kabisa katika shughuli hii.

Kifyatulio, yaani kitu kinachoziba shingo ya chupa hadi presha itoshe kisha kuiachia iruke, kinaweza kuwa kizibo cha mpira chenye tundu moja, kama vile vya maabara ya kemia. Kata valvu kwenye tyubu kuukuu ya pikipiki ukiiachia duara dogo la mpira chini yake. Paka maji ya sabuni, uipenyeze kupitia tundu ili lile duara libaki upande mwembamba unaoingia chupani, kisha kaza nati upande wa pili. Presha yenyewe italibana duara dhidi ya kizibo na kuzuia uvujaji. Mwombe fundi akitoe kile kipini cha ndani ya valvu kinachozuia hewa kurudi, na akuunganishie mpira mrefu wa kujazia upepo, wa mita 5 au zaidi, kati ya valvu na pampu yenye kipimo. Kipini kikishatolewa, pampu yenyewe ndiyo itakayoizuia hewa isirudi, na roketi ikigoma kuruka utaweza kuipunguza presha ukiwa mbali kwa kuuchomoa mpira upande wa pampu. Maji yatamwagika miguuni pako, na hakuna atakayelazimika kuisogelea chupa iliyojaa upepo.

Mapezi matatu au manne yakatwe kwenye jerikeni lililopasuka, maana katoni hulowa na kulegea baada ya kurushwa mara moja. Yafunge upande wa shingo kwa selotepu au kwa blada za tyubu. Puani weka udongo wa mfinyanzi wa gramu 30 hadi 50, mbichi na uliofungwa kwenye plastiki, halafu uufunike kwa sponji ya godoro. Usiweke jiwe, msumari wala kitu chochote chenye ncha. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulipuuza: ukiwa na roketi isiyo na maji, funga uzi pale inapojisawazisha na uizungushe juu ya kichwa chako. Pua ikitangulia, roketi ni thabiti. Ikienda kinyumenyume au ikiyumba, ongeza uzito puani au ukuze mapezi. Roketi isiyopita jaribio hili itapinduka hewani na kukimbilia popote, hata walipo watoto.

Kisumu na maeneo ya kando ya ziwa, rusheni asubuhi. Kuanzia adhuhuri upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, na roketi yenye mapezi hugeukia upande upepo unakotoka. Alasiri nayo mara nyingi huleta radi. Chagueni uwanja wa mpira usiopitiwa na nyaya za umeme na ulio mbali na uwanja wa ndege. Roketi ikinasa kwenye nyaya, iacheni huko. Simamisheni chupa kwenye kiunzi cha mbao shingo ikiwa chini, ikielekea juu moja kwa moja. Mtu mzima mmoja ndiye apige pampu, akiwa amevaa miwani ya kinga, na wanafunzi wote wawe angalau mita 10 nyuma yake. Asizidishe psi 60. Kizibo kwa kawaida huachia kabla ya hapo. Isipoachia, presha itolewe, kizibo kirudishwe kwa kukazwa kidogo, na kazi ianze upya.

Roketi ikishatua, iokoteni haraka na muitazame ndani kabla haijakauka. Mara nyingi mtaona ukungu mweupe umetanda chupani. Hewa iliyokuwa imebanwa ilitanuka ghafla, ikapoa, na mvuke uliokuwemo ukawa matone madogo sana. Hewa yenye unyevu inayotoka ziwani na kupanda milima ya Nandi na Kericho hutanuka na kupoa vivyo hivyo, na hapo mawingu huzaliwa. Somo la hali ya hewa linaweza kuanzia hapo hapo uwanjani.

Kupima urefu wa safari hakuhitaji pesa. Mwanafunzi asimame mita 30 kutoka kwenye kiunzi akiwa na pima-pembe lililofungwa uzi wenye kokoto, aifuate roketi hadi kileleni na kusoma pembe. Ikiwa ni nyuzi 45, roketi ilifika mita 30 kujumlisha urefu wa macho yake kutoka ardhini. Kwa nyuzi 30 zidisha umbali kwa 0.58, kwa nyuzi 60 zidisha kwa 1.73. Mwingine apime kwa simu muda wa kuruka hadi kutua: bila kuhesabu ukinzani wa hewa, sekunde 4 ni karibu mita 20, sekunde 5 ni karibu mita 30. Linganisheni majibu hayo mawili.

Kisha badilisheni kitu kimoja tu. Anzeni na maji: mililita 200, 400, 600, 800 na 1,000, kila kiasi kikirushwa mara tatu, na mchore grafu ya wastani wa urefu. Kilele kinapaswa kuangukia karibu na theluthi ya chupa. Kikiangukia kwingine, au matokeo ya kiasi kimoja yakitofautiana sana, kagueni kizibo kwanza. Kichoreeni mstari wa wino na mkiingize hadi mstari huo kila mara, kwa sababu kizibo kinachoingia kwa kina tofauti huachia kwa presha tofauti, na grafu yenu itakuwa inapima mkono wa aliyekikaza badala ya kupima maji.