Kijiji chenye namba si kijiji cha kale

Tafadhalini, tuache kusema kijiji cha Punjab, eneo lililogawanyika kati ya India na Pakistan, "hakijabadilika tangu enzi za mababu". Mara nyingi picha inayoambatana na maneno hayo ni ya kijiji cha wilaya ya Faisalabad, Pakistan, chenye jina kama Chak 105 GB. Lisomeni jina. Chak ni kijiji kilichopimwa, 105 ni namba yake, na GB ni tawi la Gugera la mfereji wa Lower Chenab linalokinywesha. JB ni tawi la Jhang, RB la Rakh. Mfereji ulifunguliwa 1892. Kabla yake palikuwa malisho ya wafugaji. Kijiji hicho ni rika la reli ya Mombasa, iliyoanza 1896 kwa mikono ya Wapunjabi wengi.

Vijiji vya kale vipo, hasa upande wa Jalandhar na Amritsar, leo ndani ya India, na walowezi wengi waliohamia kwenye mfereji walitoka huko. Walipofika walikuta mistari imeshapigwa. Murabba ni shamba la killa 25, yaani vipande vya takriban ekari moja, tano kwa tano. Ila msichanganye: kwenye Lower Chenab una futi 1,100 kila upande, karibu ekari 27.8, makoloni ya baadaye, yaani makazi mapya ya mifereji mingine, yalitumia 1,100 kwa 990, ekari 25 kamili. Ukikosea kipimo, kila killa inapotoka kwa sehemu moja ya tisa ya ekari.

Kinachonikera zaidi ni warabandi, zamu ya maji. Husemwa kwamba inagawa maji sawasawa. Hapana, inagawa muda. Zamu hurudi kila wiki, na wiki ina saa 168. Tundu la mfereji, mogha, likilisha ekari 400, kila ekari hupata dakika 25.2, na murabba wa ekari 25 saa 10 na nusu. Anayejaza mtaro mtupu huongezewa muda, bharai. Wa mwisho hupunguziwa, nikal, kwa kuwa maji yaliyobaki mtaroni ni yake. Hesabu safi, lakini mtaro wa udongo unavuja: saa moja ya mkulima wa mwisho ina maji machache kuliko ya yule wa kwanza. Ndiyo maana nina shaka na kila kitabu kinachouita mfumo huu wa haki bila kutaja mahali shamba lilipo.

Tena wiki hairuki: zamu ikiangukia saa 8 usiku, itakuwa saa 8 usiku kila wiki, isipokuwa ratiba isogezwe saa 12 mwaka unaofuata.

Maji hayohayo yanayovuja hupandisha maji ya chini, nayo yakikauka huacha chumvi: kwanza sem, ardhi kujaa maji, kisha thur, ardhi kujaa chumvi. Shamba linaweza kufa kwa kumwagiliwa.

Siasa nitaipitia haraka. Muswada wa serikali ya Waingereza wa 1906 ulibana haki za walowezi, wakulima wakafurika mitaani 1907, Gavana Mkuu wa India, Minto, akaukataa. Mwaka huohuo Bhagat Singh, mpigania uhuru wa India, alizaliwa Banga, ndiyo Chak 105 GB. Mwaka 1947, Punjab ilipogawanywa kati ya India na Pakistan, Masikh walihamia India, na wakimbizi kutoka mashariki wakagawiwa killa zao. Zamu hufuata ardhi, haimfuati mtu; aliyepewa killa alipewa na saa zake.