Daktari wa chanjo anamtibu nani?

Wengi wakisikia daktari anafanya kazi ya chanjo, hudhani kutwa nzima anachoma watoto sindano. Kazi hiyo ni ya wauguzi, na wanaiweza kuliko mimi. Baada ya shahada ya udaktari nilisomea afya ya jamii, na tangu hapo mgonjwa wangu ni jamii nzima. Dalili zake nazisoma kwenye rejista.

Tuchukue pentavalenti, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na bakteria wa Hib, wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Hutolewa dozi tatu. Tuseme watoto 100 wamepata ya kwanza, ila ya tatu wamepata 80. Wazazi wa wale 20 hawakuikataa chanjo, maana walishaileta miguu yao kituoni. Huenda walirudi wakakuta chanjo imeisha, au foleni iliwalia siku nzima ya kazi, au mtoto alipata homa na hakuna aliyewaambia mapema kwamba homa hiyo ni ya kawaida na hupita. Hili la mwisho ni kosa letu watoa huduma, na kulirekebisha hakugharimu chochote.

Kisha kuna jokofu. Pentavalenti hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kila mtu huhofia joto, na vichupa vingi vina alama yake: mraba ndani ya duara, ambao ukikolea hadi kufanana rangi na duara, kichupa hakitumiki tena. Mimi nahofia zaidi baridi kali. Chanjo hii ikiganda imeharibika, na alama ile haitaonyesha lolote.

Mwaka 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege alikuta ndui imezuka na chanjo haitoshi watu wote. Akauliza kwa redio vijiji gani vina wagonjwa, akachanja waliowazunguka. Mbinu hiyo ilienea, na mwaka 1980 ndui ikatangazwa kutokomezwa duniani.

Surua haikubali njia hiyo ya mkato, kwani huenea kwa kasi mno: takribani watu 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe na kinga. Ndiyo maana nikiletewa ripoti ya asilimia 90 huomba na ramani, nione wale 10 waliobaki wametawanyika au wanaishi kitongoji kimoja.