Reli Inayoishia Kwenye Kokoto

Ukichungulia dirishani treni ikitoka stesheni, huenda ukaona jambo la kushtua: njia ya pembeni inaikaribia njia kuu, kisha reli yake inakatika na kuishia kwenye kokoto. Wengi hudhani reli imeibwa. Imekatishwa makusudi, ili treni isiyo na ruhusa iangukie hapo.

Njia mbili zinapoungana, pana mahali ambapo mabehewa mawili hayawezi tena kupita sambamba bila kukwaruzana. Alama huwekwa ardhini kabla ya hapo. Sasa chukua behewa la mzigo lililoegeshwa, breki zimelegea usiku, linajongea taratibu kufuata mteremko. Halina dereva wa kuiona taa nyekundu. Kinachobaki ni swichi ya kunasa: ulimi wa reli, yaani kipande chembamba kinachosogezwa, ulioachana na reli mama (ile isiyosogea) kwa upana wa kiganja hivi. Gurudumu linaingia kwenye mwanya, behewa linaacha njia na kuzama kwenye kokoto, upande wa mbali na njia kuu.

Swichi hiyo imefungamanishwa na taa. Ulimi usipobana kabisa, taa ya njia ya pembeni haiwaki kijani. Ukishabana, taa za njia kuu zinazogongana na safari hiyo hubaki nyekundu.

Treni yenye abiria hatupendi kuiangusha. Hapo swichi za mbele, zile zinazochagua treni ifuate njia ipi, hulazwa upande ambao, dereva akipitiliza taa nyekundu, treni itaelekea njia isiyo na treni nyingine. Ladbroke Grove, magharibi mwa London, tarehe 5 Oktoba 1999, haikuwa hivyo. Treni iliyotoka stesheni ya Paddington ilipita taa SN109 ikiwa nyekundu, na swichi zikaipeleka moja kwa moja kwenye njia ya treni ya kasi iliyokuwa ikija. Watu 31 walikufa. Taa hiyohiyo ilikuwa imepitwa ikiwa nyekundu mara 8 katika miaka 6 iliyotangulia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Watoto wanaochezea karibu na reli hupenda kupachika mawe kwenye ule mwanya. Tuwakataze. Jiwe la ukubwa wa ngumi huzuia ulimi kubana. Taa hubaki nyekundu, na treni husimama na abiria wake mpaka mtu atembee kutoka stesheni akalitoe.