Kuahirisha si kughairi, wala si uvivu

"Harusi imeghairishwa." Ujumbe kama huu ukiingia kwenye kundi la kamati, simu zinaanza kuita. Mweka hazina anaulizwa michango itarudishwa lini. Fundi anaambiwa aache kukata vitenge vya sare. Shangazi aliyekuwa ameshakata tiketi anaanza kudai nauli yake. Baada ya saa nzima ndipo inajulikana kwamba harusi ipo, bibi na bwana harusi wapo, ila siku imesogezwa wiki 2. Aliyeandika alitaka kusema imeahirishwa.

Kuahirisha ni kuitoa shughuli kwenye wakati wake na kuipeleka wakati wa baadaye, huku nia ya kuifanya ikiwa palepale. Mtu akifanya hivyo kila mara, bila sababu ya maana, na huku anajua kwamba atakuja kuumia, tunasema ana tabia ya kuahirisha mambo. Maana ni hiyo tu. Matata yako kwa majirani wa neno hili.

Kuahirisha na kughairi yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, lakini kwa milango tofauti. Kuahirisha linatokana na akhkhara, yaani kuchelewesha au kuweka nyuma. Ni ndugu wa akhera, maisha ya mwisho, yale yanayokuja baada ya haya. Kwetu sauti ya kh ikalainika ikawa h, likabaki -ahiri, kisha tukalitia -isha kama tulivyofanya kwa rudi na rudisha. Kughairi linatokana na ghayyara, kubadilisha, na jamaa yake ni ghairi ya, lenye maana ya bila au mbali na. Aliyeghairi amebadili nia. Alikuwa aende, sasa haendi, na habari imeishia hapo.

Kughairisha, basi, ni kitu gani? Kwa kanuni za minyambuliko ni kumfanya mtu abadili nia: wazazi wanaweza kumghairisha kijana safari yake. Lakini mechi haiwezi kughairishwa kwa sababu ya mvua kisha ikachezwa Jumatano. Hapo kilichotokea ni kichwa cha neno moja kupachikwa mkia wa jingine, na msikilizaji anaachwa akibahatisha.

Jaribio rahisi ni neno hadi. Makarani wa mahakama hawakosei hili, kwa sababu wamezoea kuandika "kesi imeahirishwa hadi tarehe 14". Kuahirisha kunadai hadi, kughairi hakuitaki. Jaribu kusema "ameghairi safari hadi Ijumaa" na utasikia sentensi inakwama.

Hadi hiyohiyo ndiyo inayofanya tabia ya kuahirisha ichekeshe. Mwenye tabia hii hakosi hadi. Anayo mdomoni muda wote, ila haina miguu ya kusimama. Hadi kesho. Hadi Jumatatu. Hadi mwezi ukiandama. Lugha yetu ina hazina nzuri sana ya siku zijazo: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Lakini hutamsikia mtu akisema ataanza mazoezi mtondogoo. Atasema kesho, kwa kuwa kesho iko karibu kiasi cha kuonekana kama ahadi, na mbali kiasi cha kutomdai kitu usiku huu. Tena kesho ni neno la ukoo mmoja na kesha, na mwanafunzi wa mtihani wa asubuhi anaujua udugu huo vizuri: asiyesoma jana hukesha ili aikute kesho.

Jirani wa pili ni uvivu, na hapa ndipo watu wengi wanaonewa. Mvivu hataki kazi. Amelala, ametulia, na hana deni moyoni. Mtazame sasa anayeahirisha. Ana ripoti ya kurasa 10 ya kukabidhi Ijumaa. Jumatatu anafungua faili, anaandika kichwa cha habari, anakiweka katikati, anakikoleza wino, anabadili mwandiko mara 3. Jumanne anakumbuka kwamba dawati halifanyiwi kazi likiwa na vumbi. Kutoka dawatini anaingia kwenye rafu, kutoka rafu anafika kwenye mapazia. Alhamisi jioni nyumba inang'aa, mapazia yapo kambani yanakauka, friji limeyeyushwa barafu, vifuniko vya vyombo vyote vimepata wenzao, na ripoti bado ina kichwa cha habari peke yake. Huyo si mvivu. Amefanya kazi ya watu 3, isipokuwa ile moja. Mwanafalsafa John Perry wa Chuo Kikuu cha Stanford aliitetea tabia hiyo kwa hoja kwamba mtu anaweza kufanya mengi yenye faida kama njia ya kukwepa lililo kubwa zaidi. Hoja hiyo ilimpatia Tuzo ya Ig Nobel ya fasihi mwaka 2011, tuzo inayotolewa kwa mambo yanayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Mara nyingi kinachomkwamisha anayeahirisha ni hesabu mbaya ya muda na woga wa kuanza. Watafiti Buehler, Griffin na Ross, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi wa chuo tasnifu zao zitachukua siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 33.9. Zilichukua 55.5. Hawakusema uongo, kila mmoja alipiga picha ya siku zisizo na mgeni, homa wala umeme kukatika.

Kuna pia kuchelewa, ambalo watu huliweka kapu moja na kuahirisha. Kuchelewa ni neno letu la Kibantu, kutoka kucha: aliyechelewa ni aliyekuchewa na jua kabla hajaondoka. Ni jambo linalompata mtu, na huenda halikuwa mikononi mwake. Tofauti hii ilionekana Tanzania wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Kazi ilianza Mei 2019, mwisho ukawekwa tarehe 31 Desemba, kisha serikali ikausogeza hadi 20 Januari 2020. Serikali iliahirisha, na hadi yake ilikuwepo. Kwenye foleni za siku za mwisho walikuwemo walioahirisha miezi yote, lakini pia walikuwemo waliokuwa wakisubiri namba ya kitambulisho cha taifa. Hao wa pili walicheleweshwa, na kuwaita wazembe ni kuwakosea.

Basi ujumbe mwingine ukija kwamba mkutano, mechi au harusi "imeghairishwa", usimkemee aliyeandika. Muulize kwa upole, "Hadi lini, ndugu yangu?" Akikupa tarehe, mwambie neno lake ni imeahirishwa. Akisema hakuna tarehe na haitakuwepo tena, ni imeghairiwa, na mweka hazina aanze kurudisha michango.