Besi ya santuri haijapotea: dhana potofu na ukweli

Unachomeka mashine ya santuri kwenye spika za kompyuta, unashusha sindano, na kinachotoka ni sauti kavu: matoazi yanachachatika, mwimbaji yuko mbali, gitaa la besi halisikiki kabisa. Wengi hapo hukimbilia kununua spika mpya. Naomba usitoe pesa kwanza.

Dhana: Spika za kompyuta ndizo mbovu.

Cheza wimbo wenye besi kutoka kwenye simu, kwa spika zilezile. Besi ikitoka, spika hazina kosa. Kosa liko kabla ya sauti kuzifikia.

Besi ilipunguzwa makusudi santuri ilipokuwa ikichongwa. Sauti nzito huifanya sindano iyumbe sana kushoto na kulia. Ingechongwa ilivyo, mifereji ingekuwa mipana, santuri ingebeba dakika chache, na sindano ingeruka ovyo. Kwa hiyo mafundi hupunguza sauti nzito na kupandisha zile nyembamba, kwa kipimo kiitwacho RIAA kilichokubaliwa Marekani mwaka 1954. Ukilinganisha na sauti ya kati ya hezi 1,000, ile nzito ya hezi 20 hushushwa karibu desibeli 20, yaani volti zake hubaki kama moja ya kumi. Ile nyembamba ya hezi 20,000 hupandishwa karibu kiasi hichohicho. Wakati wa kusikiliza, lazima kitu fulani kigeuze hesabu hiyo. Kitu hicho ni priampu ya fono, kifaa kinachokuza sauti ya santuri na kuirekebisha, na spika za kompyuta kwa kawaida hazina.

Dhana: Ongeza sauti, au vuta besi kwenye ekwalaiza.

Katriji ya sumaku, yaani kichwa kinachobeba sindano, hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi, wakati spika hizo zinategemea mamia ya milivolti. Ukikoroga ekwalaiza unapandisha pia mvumo wa umeme, na bado hutaufikia mkunjo halisi wa RIAA. Tundu la maikrofoni nalo si dawa: linakuza sauti bila kuirekebisha, na mara nyingi huchanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja.

Dhana: Basi kila mashine inahitaji priampu ya pembeni.

Angalia nyuma ya mashine yako kabla ya kununua. Nyingi za siku hizi zina priampu ndani, na swichi ndogo yenye maandishi PHONO na LINE. Kwa spika za kompyuta, isukume iwe LINE, ili priampu ya ndani ifanye kazi. Ukiunganisha priampu mbili kwa pamoja, besi itafura na sauti itapasuka. Mashine za zamani zenye katriji ya kauri ni habari nyingine: hizo hutoa volti za kutosha, ila zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa sana, la sivyo besi hukatika.

Dhana: Priampu ikiwepo, besi haiwezi kukosekana.

Hili lilinisumbua siku mbili nzima. Nilikuwa nimebadilisha katriji, priampu ipo, swichi iko sawa, na bado sauti ilikuwa nyepesi, kama inaelea pande zote za chumba bila kutulia mahali. Nikasogeza balansi yote upande wa kushoto: besi ikarudi. Nikaisogeza kulia: ikarudi pia. Nikiirudisha katikati, inatoweka.

Nilikuwa nimebadilisha nafasi za waya mbili za upande mmoja nyuma ya katriji. Spika moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta, na kwa kuwa besi ya santuri kwa kawaida huwa sawa pande zote mbili, zinafutana. Kwa kawaida waya mweupe ni chanya ya kushoto na wa bluu hasi yake. Mwekundu ni chanya ya kulia na wa kijani hasi yake. Shika tochi, tazama vijiti vinne nyuma ya katriji, na utumie koleo nyembamba bila kuvuta waya wenyewe. Ni laini kama unywele.